Edinburgh Yangu Machoni pa Wanangu

Kumwonyesha mtoto mdogo mji ni kazi nyepesi, kwa kuwa mtoto mdogo hufuata mkono wa mzazi na huupenda mji kwa sababu ya njiwa, treni na ngazi za kukimbilia. Kumwonyesha mtu mzima uliyemzaa mji ulioupenda kabla hajazaliwa ni jambo jingine kabisa. Yeye huja na macho yake, elimu yake, uchovu wa kazi yake, na haki kamili ya kuuona mji huo kuwa wa kawaida tu. Kwa miaka mingi nilitamani kuwapeleka wanangu wawili Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na kwa makusudi nilisubiri mpaka wakue, kila mmoja awe na shughuli yake na maoni yake. Ngome na makumbusho wangeweza kuviona hata katika picha. Nilichotaka wakione ni mahali ambapo msichana mmoja, ambaye baadaye alikuja kuwa mama yao, alijifunza kuishi peke yake.

Nilifika huko Septemba 1996 kusoma shahada ya uzamili. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyenitajia Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa mara ya kwanza, kwa sababu Mwalimu Julius Nyerere alisoma pale kuanzia 1949 na kuhitimu mwaka 1952, na baba aliamini kwamba mahali palipomnoa Mwalimu hapawezi kumharibu binti yake. Nilikuwa nimeonywa kuhusu baridi na mvua, na vyote viwili nilivikuta. Hakuna aliyekuwa amenieleza kuhusu umbo la mji wenyewe. Nilitoka katika stesheni ya Waverley, nikapanda ngazi huku upepo ukinisukuma, nikainua macho na kuiona ngome imekaa juu ya mwamba katikati ya mji. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, umejipanga mgongoni mwa kilima, nyumba zake za mawe zikiwa zimebanana na kupanda juu ghorofa kwa ghorofa. Upande wa pili ulikuwa Mji Mpya, ambao upya wake ni wa karne ya 18, uliochorwa na James Craig kwa mistari iliyonyooka. Kati yake kulikuwa na bonde ambalo zamani lilikuwa ziwa, likakaushwa, na sasa lina bustani na reli. Juu ya mabonde mengine zimejengwa barabara juu ya matao, kiasi kwamba unaweza kutembea katika mtaa ukachungulia chini na kuona mtaa mwingine wenye maduka na watu wake, usijue kwa haraka ni njia gani itakayokufikisha kule.

Mwezi wa Disemba jua lilizama kabla ya saa kumi alasiri. Nilidhani nisingeweza kuvumilia. Kisha ikaja Juni, mwanga ukabaki mpaka saa nne za usiku, na nikaelewa kwamba mji ule hulipa madeni yake polepole. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa saba mchana, mzinga ulipigwa kutoka ngomeni, desturi iliyoanza mwaka 1861 ili manahodha waliokuwa katika bandari ya Leith na katika hori lote la Forth waweze kurekebisha saa zao hata ukungu unapofunika kila kitu. Katika wiki zangu za mwanzo nilishtuka kila mara. Ilipofika Krismasi nilikuwa nikiusikia mzinga huo na kuendelea na sentensi niliyokuwa nikiiandika, na siku nilipogundua kwamba sishtuki tena ndiyo siku niliyojihesabu kuwa mkazi.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mikononi wakati tulipoanza kupanga safari. Binti yangu mkubwa ni mwanasheria. Mdogo wake wa kiume amesoma jiolojia. Nilipowapelekea orodha yangu ya mahali pa kwenda, binti yangu alinijibu kwa upole lakini bila kuzungukazunguka: "Mama, tutakwenda kote unakotaka, ila na sisi utupe siku zetu." Nilikubali, na nadhani hilo ndilo jambo la busara zaidi lililofanyika katika maandalizi yote. Mzazi anayewapeleka watoto wake watu wazima katika mji wa ujana wake huwa na hamu ya kuwaongoza kutoka asubuhi hadi usiku, kana kwamba kumbukumbu zake ni mtaala na wao ni wanafunzi watakaofanyiwa mtihani. Watu wazima hawapokei mapenzi kwa njia hiyo. Tulichagua Juni ya 2024 ili wapate mwanga mrefu, na tukaukwepa Agosti, mwezi wa tamasha kubwa la sanaa lililoanzishwa mwaka 1947, ambapo mji hufurika wageni na nyumba za kupanga hupatikana kwa shida.

Mambo mengi niliyokuwa nimeahidi hayakuwapo tena. Duka la vitabu la James Thin, lililokuwa mkabala na jengo la kale la chuo, ambamo nilisoma kwa kusimama vitabu nisivyoweza kuvinunua, lilibadilisha wenyewe na jina miaka mingi iliyopita, ingawa bado ni duka la vitabu. Harufu ya shayiri iliyokuwa ikiletwa na upepo kutoka viwanda vya bia vya magharibi imetoweka. Kiwanda kikubwa cha Fountainbridge kilifungwa mwaka 2004. Katika mabasi, mahali ambapo tulidondosha sarafu kamili kwenye kisanduku kwa kuwa dereva hakurudisha chenji, watu sasa hugusisha kadi na kupita. Tramu, ambazo katika enzi yangu zilikuwa hadithi za wazee kwa kuwa ziliondolewa mwaka 1956, zilirudishwa mwaka 2014 na sasa zinafika hadi Newhaven kando ya bahari.

Lililonigusa zaidi ni lile jiwe. Tarehe 30 Novemba 1996, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, nilisimama katika baridi kando ya barabara kuu ya Mji Mkongwe pamoja na umati wa watu, nikaona likipitishwa Jiwe la Hatima, ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake, na ambalo Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alilichukua mwaka 1296. Lilikuwa limekaa London miaka 700. Kwangu mimi, mtu niliyetoka katika bara ambalo mali zake nyingi zimo katika makabati ya watu wengine, kuona kitu kilichochukuliwa kikirudi kwa miguu, kikisindikizwa na askari na ngoma, lilikuwa somo ambalo halikuwamo katika kozi yangu. Nilikuwa nimewasimulia wanangu habari hiyo tangu utotoni mwao, na nilikuwa nikisubiri kwa hamu kuwaonyesha jiwe lenyewe katika ngome. Lakini mwezi Machi 2024, miezi michache kabla ya safari yetu, lilikuwa limehamishiwa katika jumba la makumbusho la Perth, mji ulio karibu na Scone lilikotwaliwa. Binti yangu aliliona jambo hilo kuwa haki tupu: kama hoja ni kurudisha kitu kwao, basi kwao ni kule. Sikuwa na la kumjibu, na kwa kweli sikutaka kuwa nalo.

Tulikwenda Marchmont, mtaa ulio kusini mwa viwanja vya Meadows, uliojengwa katika karne ya 19 na kujaa nyumba ndefu za mawe ambamo wanafunzi wamekuwa wakipanga kwa vizazi. Nilipokuwa nikiishi pale tulikuwa wapangaji wanne katika ghorofa ya juu kabisa, dari ikiwa juu mno kiasi kwamba joto lote lilikwenda kuishi huko na kutuachia sisi baridi ya chini. Ngazi za mawe, ambazo ni za wakazi wote wa mlango huo, zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za miaka zaidi ya mia moja. Niliwaonyesha dirisha langu. Kijana wangu akaniuliza nilikuwa nikifanya nini pale siku za Jumapili, swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na nikajikuta nikisimulia vitu ambavyo havina uzito wowote katika wasifu wa mtu: jinsi nilivyofua nguo ndani ya beseni la kuogea, nilivyosikiliza redio bila kuelewa lafudhi ya watangazaji, nilivyolia kwa majuma kadhaa bila kumwambia mtu, kisha nikaacha kulia bila kujua sababu yake pia. Wanangu walikuwa wakijua kwamba nilisoma ng'ambo, kwa kuwa cheti kimetundikwa ukutani. Hawakuwa wakijua kwamba niliwahi kuwa na umri wao na kuogopa. Katika umri wa miaka kumi wasingeuliza, na kama wangeuliza nisingewajibu kwa ukweli. Hii ndiyo sababu nasisitiza umuhimu wa kusubiri. Kuna mambo ya ujana wa mzazi ambayo mtoto huweza kuyapokea tu baada ya yeye mwenyewe kulipa kodi ya nyumba na kurudi jioni katika chumba kisicho na mtu.

Baada ya hapo mji ulianza kutoka mikononi mwangu, na nitaeleza jinsi ulivyotoka, kwa sababu ndiyo sehemu ya safari ninayoithamini kuliko zote.

Nilikuwa nimepanga tupande kilima cha Arthur's Seat, chenye urefu wa mita 251, kwa kupitia njia iitwayo Radical Road, inayopita chini ya majabali ya Salisbury. Ilichongwa katika miaka ya 1820 na wafumaji waliokosa kazi, na mimi niliipita mara nyingi nikiwa na daftari la mhadhara mfukoni. Tulikuta uzio. Njia ilifungwa mwaka 2018 baada ya mawe kuporomoka. Nilisikitika, lakini kijana wangu alikuwa amesimama pale pale akiwa ameshika uzio kwa mikono miwili, akitazama juu kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu alipokuwa mtoto. Nyuma ya uzio ule, alisema, kuna ukuta wa mwamba ambao James Hutton, mtu wa Edinburgh aliyezaliwa mwaka 1726, aliutumia kuthibitisha kwamba mwamba huu mgumu uliingia katikati ya matabaka ya zamani zaidi ukiwa moto na wa kimiminika, ukayainua na kuyakunja. Kutokana na mawe kama hayo Hutton alifikia wazo kwamba dunia ina umri mkubwa kupita kiasi cha akili ya watu wa enzi yake, na alilitangaza mwaka 1785 mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya mji ule ule. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya ukuta huo sijui mara ngapi. Niliuona kama ukuta.

Tulipanda kwa njia nyingine, kupitia bonde la majani, na kileleni kijana wangu akageuka kuwa mwongozaji. Kilima tulichosimama juu yake ni masalia ya volkano iliyozimika, ya takriban miaka milioni 340 iliyopita, na mwamba wa ngome ni shina la volkano nyingine. Barafu nene ilipofunika nchi hii ilisogea kutoka magharibi kuelekea mashariki, ikagonga mwamba wa ngome, ikashindwa kuuvunja, ikagawanyika na kupita pembeni. Nyuma ya mwamba, upande wa mashariki, miamba laini iliyokingwa ilibaki kama mkia unaoshuka taratibu, na huko pembeni barafu ilichimba mabonde. Juu ya mkia huo ndipo ulipojengwa Mji Mkongwe, barabara yake kuu ikishuka kutoka ngomeni hadi kasri la Holyrood, na katika bonde la kaskazini ndipo yalipokusanyika maji ya lile ziwa. Alinionyesha yote kwa kidole, na kila kitu nilichokipenda kuhusu umbo la mji ule, mitaa iliyo juu ya mitaa, ngazi, madaraja, bonde la reli, kikapata sababu yake. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima mgongoni mwa mnyama nisiyemjua. Jioni hiyo alitupeleka katika bustani ndogo ya kumbukumbu iliyo mahali ambapo nyumba ya Hutton ilisimama, na tulikaa humo muda mrefu tukitazama yale majabali kutoka upande wa pili.

Siku ya binti yangu ilikuwa nzito zaidi. Alitaka kuona Parliament House, jengo lililo nyuma ya kanisa la Mtakatifu Giles, ambalo lilikuwa la bunge la kale la Uskoti na sasa ni makao ya mahakama kuu ya madai. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya kanisa hilo kila siku bila kuwaza kwamba nyuma yake kuna jambo linalonihusu. Ndani ya ukumbi, chini ya dari ya mbao, wakati mawakili wakitembea huku na huko wakinong'ona kuhusu kesi zao, alitusimulia habari za Joseph Knight. Huyu alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa angali mtoto, akauzwa Jamaika, akanunuliwa na John Wedderburn na kuletwa Uskoti. Alidai uhuru wake mahakamani, na mwaka 1778 majaji wa mahakama hii waliamua kwamba sheria ya Uskoti haitambui utumwa na kwamba hawezi kuzuiwa kuondoka kwa bwana wake. Binti yangu alikuwa ameisoma kesi hiyo chuoni, na kwa miaka kadhaa alikuwa akitaka kusimama mahali ilipoamuliwa. Hakuwa amewahi kuniambia. Alidhani kwamba Edinburgh ilikuwa mada yangu, na yeye hakuwa na sehemu humo.

Kisha alitupeleka katika uwanja wa St Andrew, katika Mji Mpya, mbele ya nguzo ndefu yenye sanamu ya Henry Dundas. Mtu huyu alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea Knight. Mwaka 1792, akiwa mwanasiasa mwenye nguvu kubwa London, alipendekeza katika bunge kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe hatua kwa hatua, badala ya kukomeshwa mara moja, na sheria ya kuipiga marufuku haikupita mpaka mwaka 1807. Wanahistoria wanagombana hadi leo kama hatua yake ilichelewesha uhuru wa watu au ilikuwa njia pekee iliyowezekana wakati huo, na sisi watatu tuligombana pia. Kijana wangu alisema mtu aliyeijua hoja ya Knight kwa undani kiasi hicho hana kisingizio. Binti yangu, kwa kawaida ya kazi yake, alitaka kwanza kujua kura zilikuwaje. Mimi nilibaki nikifikiria kwamba nilizoea kula mkate wangu wa mchana karibu na pale na sikuwahi kuuliza yule aliye juu ya nguzo ni nani.

Halafu kuna habari ya jengo la mihadhara. Nilisomea sehemu kubwa ya kozi yangu katika mnara uliokuwa ukiitwa David Hume Tower, kwa jina la mwanafalsafa mkubwa kuliko wote waliozaliwa katika mji ule. Wanangu walilikuta likiitwa 40 George Square tu, kwa sababu mwaka 2020 chuo kiliondoa jina hilo kutokana na tanbihi katika insha moja ya Hume, ambamo aliandika kwamba anashuku watu weusi ni duni kwa maumbile kuliko weupe. Mimi nilimsoma Hume ndani ya jengo hilo na kumpenda kwa ujasiri wake wa kutilia shaka kila kitu, na bado nampenda kwa hilo. Nilisema hivyo. Binti yangu alisema kwamba mtu anayetilia shaka kila kitu isipokuwa ubora wa rangi yake hajafika mbali sana. Tuliendelea na mjadala huo kutoka George Square mpaka nyumbani, na sisemi kwamba tulikubaliana. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nikibishana na watu wawili wazima, wenye hoja, katika mtaa ule ule ambako zamani nilibishana na wenzangu wa darasani, na furaha niliyoipata ilikuwa ya aina ile ile, ila sasa ilikuwa na kina zaidi, kwa kuwa wabishani wenyewe nimewalea.

Mwisho wa barabara kuu ya Mji Mkongwe, mkabala na kasri, lipo jengo la Bunge la Uskoti, lililobuniwa na Mkatalunya Enric Miralles, aliyefariki mwaka 2000 kabla ya kuliona likifunguliwa mwaka 2004. Watu wengi hawalipendi. Nilikuwa nimewaambia wanangu kwamba nina jambo la kuwaeleza tutakapofika ndani, na tulipoketi katika roshani ya wageni, juu ya ukumbi ambamo wabunge hukaa katika nusu duara, niliwaambia: mama yenu alipiga kura ili mahali hapa pawepo.

Tarehe 11 Septemba 1997 ilifanyika kura ya maoni kuhusu kuwa na bunge la Uskoti, na waliostahili kupiga kura ni wote waliokuwa katika daftari la wapiga kura wa serikali za mitaa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi pale wanaruhusiwa kuwa katika daftari hilo. Oktoba ya mwaka uliotangulia mwenzangu mmoja wa nyumba alikuwa ameniletea fomu nijaze pamoja na wengine, nami nikajaza bila kuelewa uzito wake. Siku yenyewe ilipofika, ikiwa imebaki wiki chache nirudi nyumbani, nilisita sana. Nchi haikuwa yangu. Nilikuwa naondoka. Lakini nilikuwa nimelelewa na mtu aliyesimulia foleni za kupiga kura za miaka ya uhuru kama watu wengine wanavyosimulia harusi, na sikuweza kukaa nyumbani ilhali karatasi ina jina langu. Nilipewa karatasi mbili, moja kuhusu bunge lenyewe na nyingine kuhusu mamlaka yake ya kubadilisha kodi, na nikasema ndiyo katika zote mbili. Asilimia 74.3 ya wapiga kura walikubali la kwanza na asilimia 63.5 la pili. Bunge lilikutana kwa mara ya kwanza Mei 1999, mwaka aliozaliwa binti yangu, baada ya kukosekana tangu 1707.

Nilitarajia washangae, na walishangaa. Sikutarajia yaliyofuata. Binti yangu aliniuliza, akiwa ameinamia ukingo wa roshani, nilikuwa na haki gani ya kimaadili kuwaamulia watu jambo ambalo nisingeishi na matokeo yake. Hakuuliza kwa kunishambulia; alitaka kujua. Nilimweleza nilivyofikiri wakati ule: kwamba nilikuwa nimelala mwaka mzima chini ya sheria zao, nimesoma katika maktaba zao, nimetibiwa katika zahanati yao, na kwamba wao wenyewe ndio walioandika sheria ya kuniingiza katika daftari. Kijana wangu alisema kwamba kura yangu ilikuwa shukrani, na shukrani si sababu mbaya ya kupiga kura. Binti yangu akafikiri, kisha akatuambia kwamba bunge hilo hilo lilipitisha mwaka 2020 sheria inayowaruhusu wageni wenye kibali halali cha kuishi Uskoti kupiga kura katika uchaguzi wake, hata wasiotoka Jumuiya ya Madola. Kwa maneno mengine, walioingia kwa kura za watu kama mimi waliupanua mlango. Mlinzi wa roshani alitutazama kwa jicho la kututaka tupunguze sauti, na tulipunguza, lakini hatukunyamaza.

Katika Makumbusho ya Taifa tulimwona kondoo Dolly, mamalia wa kwanza kutengenezwa kutokana na seli ya mnyama mzima, aliyezaliwa mwaka 1996 Roslin, nje kidogo ya mji. Dunia ilipotangaziwa habari zake, Februari 1997, tulizungumza usiku mzima jikoni kwetu Marchmont kama kwamba kesho yake watu wangeanza kunakiliwa. Sasa amesimama ndani ya kioo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka katika magazeti. Wanangu walimtazama kidogo wakaenda zao. Kwao ni jambo la vitabu vya sekondari.

Baada ya kila mtu kuwa na siku yake, tulipeana siku za kutembea mmoja mmoja, na jioni tukawa tunakutana kula na kusimuliana, huku nje kukiwa bado kweupe. Nawashauri wazazi wenzangu wasiogope siku hizo. Binti yangu alichukua tramu hadi Leith, mahali ambapo mimi nilikwenda kwa nadra kwa sababu wakati wangu wanafunzi tuliambiwa hapana la maana, akaipenda bandari ile kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji, na kwa siku tatu za mwisho alirudi huko kila asubuhi. Kijana wangu alifuata mto mdogo wa Water of Leith kutoka magharibi hadi baharini akikagua mawe ya majengo, akarudi kunieleza kwa nini mnara wa mwandishi Walter Scott ni mweusi ilhali jiwe lake si jeusi: moshi wa makaa ya treni na wa majiko ulinasa katika jiwe lenyewe, ambalo kwa asili lina mafuta ndani yake. Hata ule weusi nilioudhani kuwa huzuni ya mji kumbe ni historia ya majiko yake.

Mimi siku zangu nilizitumia kukaa katika viwanja vya Meadows na kutembelea maktaba. Mzinga ulipolia saa saba, nilishtuka.

Tangu turudi, wanangu huzungumza kuhusu Edinburgh wao kwa wao, na wakati mwingine hutaja mahali nisipopajua. Wamepanga kurudi mwezi wa Agosti wa mwaka mmoja ujao, kwa ajili ya tamasha ambalo mimi nililikwepa, na wanatafuta nyumba Leith. Marchmont hawakuifikiria hata kidogo. Waliniuliza kama nitapenda kuungana nao. Niliwaambia safari hiyo iwe yao, ila nimemwomba kijana wangu jambo moja: apite pale kwenye uzio na kuangalia kama ile njia imefunguliwa, kwa sababu nikijaliwa kurudi nataka yeye ndiye anipeleke hadi kwenye ukuta wa Hutton na kunionyesha, kwa karibu, mahali ambapo mwamba wa moto uliingia.